Gari la dizeli la zamani linavujisha oili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wenye magari ya dizeli yaliyokula kilometa nyingi, kila wanapokuta doa chini ya injini. Humu neno oili ni ya injini tu, na dizeli ni ile inayojazwa tangini. Neno mafuta nimeliepuka makusudi. Linabeba yote mawili, na mara nyingi mwenye gari na fundi hupotezana hapo hapo mwanzoni, mmoja akisema mafuta yanavuja na mwenzake akielewa kingine.

Nimekuta doa chini ya gari. Nitajuaje kama ni oili ya injini?

Kunjua boksi kubwa la karatasi, ulilaze chini ya gari usiku kucha, kuanzia bampa ya mbele mpaka chini ya gia boksi. Chora alama mahali matairi ya mbele yalipo. Asubuhi utajua ni majimaji gani na yanadondoka kutoka upande gani, bila kulala chini ya gari hata mara moja.

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi au kahawia iliyoiva, na huteleza kati ya vidole. Dizeli ni nyepesi, karibu haina rangi, na harufu yake haijifichi. Oili ya gia boksi ya kawaida hufanana na asali na hunuka kama kiberiti. Ukishainusa mara moja hutaisahau. Ya usukani na ya gia otomatiki mara nyingi ni nyekundu, ingawa ikizeeka hugeuka kahawia na kukuchanganya. Maji ya rejeta yenye dawa huwa na rangi na harufu tamu tamu. Usiyaonje, ni sumu, na usiache mnyama ayalambe. Maji safi yasiyo na harufu upande wa abiria ni ya kiyoyozi, hayo hayana neno.

Ukibaki na shaka, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe ya tishu uliache robo saa. Dizeli husambaa haraka na kuacha duara pana linalopitisha mwanga. Oili hubaki katikati, nzito na nyeusi. Ukiona doa jeusi katikati lililozungukwa na duara pana linalopitisha mwanga, huenda vitu viwili vinavuja kwa pamoja, au oili yako imechanganyika na dizeli. Jambo la pili ni zito zaidi, na lina swali lake hapo chini.

Oili yangu ni nyeusi tii ingawa nimeibadilisha juzi. Ndiyo sababu inavuja?

Hapana. Dizeli ikiungua hutoa masizi, na kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba yasigande ndani ya injini. Ndani ya injini ya zamani, oili mpya huweza kuwa nyeusi kabla hujamaliza kilometa mia moja.

Oili inapungua lakini sijawahi kuona tone chini. Inakwenda wapi?

Huenda inaungua. Angalia moshi wa bluu. Ukitoka sana asubuhi unapowasha kisha ukakatika, sili za vali, yaani mipira inayozuia oili isipite, ndizo za kwanza kushukiwa. Ukitoka ukipanda mlima au ukikanyaga, waza ringi za pistoni au tabo, yaani pangaboi linaloisukumia injini hewa.

Huenda pia inavuja ukiwa barabarani tu. Oili iliyo chini ya presha, kama ile ya bomba la tabo, swichi ya oili au kichwa cha filta, hutoka injini ikizunguka na hunyamaza ukizima. Upepo wa safari huirusha nyuma, ikalipaka tumbo la gari badala ya kudondoka unapoegesha. Pitisha mkono juu ya gia boksi na sehemu za chini zilizo nyuma ya injini. Zikiwa zimelowa na zimeshika vumbi zito, umepata jibu lako. Na kioo cha nyuma kikiwa kila mara na ukungu wa oili, jibu ni hilo hilo.

Mahali pa tatu ni ndani ya maji ya rejeta. Injini nyingi za dizeli zina kipoza oili, yaani kijirejeta ambamo oili na maji hupita jirani, vikitenganishwa na bati jembamba au mipira. Kikitoboka, injini ikizunguka presha ya oili kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya maji, hivyo oili ndiyo inayovuka. Utakuta utando mzito, wa rangi ya maziwa yenye kahawa, ndani ya tangi dogo la maji. Wengi wakiuona hukimbilia kusema gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha juu cha injini, imekufa. Huenda imekufa kweli, lakini kipoza oili kipimwe kwanza kabla hedi haijafunguliwa.

Nianzie wapi kutafuta chanzo?

Anza kwa kuosha. Najua si jibu linalofurahisha, lakini injini iliyovaa koti la oili na vumbi la miaka kumi haiwezi kukuonyesha chochote. Tumia dawa ya kuondoa grisi, brashi na maji ya kawaida, injini ikiwa ya vuguvugu au baridi. Funika alternata na mdomo wa kuvutia hewa kwa mfuko wa nailoni. Usimwagie maji baridi pampu ya dizeli ikiwa ya moto: vipande vyake vya ndani vimebanana kwa nafasi ndogo mno, na kupoa kwa ghafla kunaweza kuvifanya vishikane.

Ikishakauka, washa na uiache ingurume dakika tano huku umeshika tochi na kioo kidogo chenye mpini. Zima, tazama. Washa tena, mara hii ukanyage kidogo kidogo, tazama tena. Kisha endesha kilometa kumi au kumi na tano, rudi ufungue boneti mara moja. Watu wengi huosha injini, wakakaa wiki nzima, ndipo wakafungua boneti. Wiki nzima oili imeshazunguka kila mahali na wamerudi walikoanzia.

Kanuni ni hii: oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma. Basi tafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Tone linalodondoka kwenye kona ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni mwisho wa safari tu. Tahadhari mbili. Kama feni inazungushwa na injini, inaweza kurusha oili ya sili ya mbele mpaka juu ya bloku, yaani mwili wa injini. Na injini iliyolala kwa upana husukumiwa oili yake upande wa bodi, si upande wa gia boksi.

Pale unaposhuku lakini huoni, nyunyiza unga mwepesi mweupe, hata poda ya mtoto, juu ya sehemu iliyokauka. Oili ikitoka huchora mstari mweusi juu ya weupe. Kuna pia rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili, kisha ukamulika injini kwa taa ya urujuanimno. Mahali inapotoka hung'aa njano au kijani. Ni njia nzuri, ila injini iwe safi kwanza. Ukiitumia juu ya uchafu itang'aa yote.

Ni sehemu zipi huvuja zaidi kwenye injini za dizeli za zamani?

Gasketi ya kava ya tapeti, yaani kifuniko kilicho juu ya hedi, bila shaka. Mpira wake huiva kwa joto, ukawa mgumu kama plastiki, na hasa kwenye kona za nyuma ambako macho hayafiki. Injini nyingine zina vipande vya mpira vya nusu duara kwenye ncha za hedi, chini ya kava hiyo hiyo. Watu hubadilisha gasketi na kuviacha, halafu wanashangaa.

Kisha kuna makosa ya mikono. Filta ya oili iliyofungwa wakati mpira wa filta ya zamani umebaki umenata juu: mipira miwili inabanana, inashika siku chache, halafu mmoja unateleza na oili inamwagika kama bomba la maji. Kila ukifungua filta, hakikisha mpira wake umetoka nayo. Boliti ya kumwagia oili nayo ina washa ya shaba au alumini, ambayo hubanwa mara moja tu ikashika vizuri. Mtu asiyebadilisha washa huongeza nguvu ya kukaza, na baada ya miaka michache nyuzi za sampu zimekwisha.

Swichi ya presha ya oili ni kitu kidogo kama kidole gumba, na ikipasuka ndani huruhusu oili kupita katikati yake na kutokea kwenye plagi ya waya. Vuta plagi. Ikiwa imelowa ndani, badilisha swichi, kazi imekwisha. Ni matengenezo rahisi mno, na inasikitisha jinsi watu wanavyoyafikia mwisho badala ya mwanzo.

Pampu ya vakyumu ndiyo ya kipekee kwa dizeli. Injini ya petroli hupata mvuto wa kusaidia breki kutoka kwenye njia ya hewa. Ya dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo hupewa pampu yake, na pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Kwenye Toyota 2L na 3L imefungwa nyuma ya alternata, na kibomba chembamba huipelekea oili. Land Rover 300Tdi inayo ubavuni mwa bloku. Injini za Volkswagen TDI zenye nozeli za pampu zina kifaa kimoja mwishoni mwa hedi kinachovuta vakyumu na kusukuma dizeli kwa wakati mmoja, hivyo gasketi yake ikichoka unaweza kupata oili na dizeli mahali pamoja. Kama pampu yako iko kwenye alternata, uvujaji wake una adhabu ya pili: oili huingia kwenye makaa ya alternata, na siku moja betri haichajiwi. Ukibadilisha alternata bila kuziba oili, mpya nayo itakufa.

Sampu, sili ya mbele ya krankishafti (shafti kuu ya injini), sili ya kemushafti na kava ya taimingi hufuata. Kwa sampu nina neno moja tu: hushukiwa zaidi ya inavyostahili, kwa sababu kila kitu kinachovuja juu huishia kwake.

Fundi anasema ni sili ya nyuma ya krankishafti, na gia boksi lazima lishushwe. Nikubali?

Si kabla hajakuonyesha kwamba juu pamekauka.

Mimi mwenyewe nilishusha gia boksi la gari langu la kwanza la dizeli kwa sababu hiyo. Nikabadilisha sili, nikapandisha gia boksi, mgongo ukauma wiki nzima. Siku mbili baadaye tone lilikuwa palepale. Oili ilikuwa inatoka kona ya nyuma ya kava ya tapeti, inateremka kisogoni mwa silinda hedi, inaingia katika nyumba ya klachi kwa juu na kutokea kwenye tundu la chini. Gasketi ile ningeimaliza kwa nusu saa.

Kabla ya kukubali, pitisha kitambaa cheupe nyuma ya hedi, hata kama itabidi ukifunge kwenye fimbo. Kikitoka safi, shuka chini uinuse oili inayodondoka. Ikinuka kiberiti na rangi yake ni ya asali, inatoka kwenye sili ya shafti ya gia boksi, si ya injini. Ikiwa nyeusi na haina harufu hiyo, na juu pamekauka kabisa, hapo fundi wako ana haki. Klachi inayoteleza gari likipanda mlima huongeza uzito wa ushahidi, kwani oili imeshafika kwenye sahani yake.

Gia boksi likishuka, fanya yote kwa pamoja: sili ya krankishafti, sili ya shafti ya gia boksi, na ukague klachi. Tazama pia shingo ya krankishafti mahali sili inapogusa. Sili ya zamani mara nyingi imechimba mfereji mwembamba, na sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule haitadumu. Inaweza kusukumwa milimita moja au mbili mbele au nyuma ili iguse chuma kizima. Baadhi ya injini za kale zaidi, kama Mercedes-Benz OM617, zilitumia sili ya kamba nyuma, na hizo zina desturi yake ya kufunga. Mtafute mtu aliyewahi kuifanya.

Nimebadilisha sili na gasketi mara mbili. Kwa nini bado inavuja?

Kwa sababu huenda sili hazina kosa, na injini inazisukuma kutoka ndani.

Hakuna ringi inayoziba asilimia mia. Kila pistoni ikisukumwa, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka kwenye sampu. Gesi hiyo lazima itoke, na hutoka kupitia briza, yaani hozi inayotoka kwenye kava ya tapeti au ubavuni mwa bloku kuelekea njia ya hewa. Kwenye dizeli njia hiyo ya hewa haina mvuto mkali wa kuisaidia kama kwenye petroli, na gesi yenyewe imejaa masizi. Miaka ikipita, briza hujaa tope jeusi mpaka inaziba. Presha inapanda ndani, inatafuta mlango, na mlango dhaifu kuliko yote ni mdomo wa sili. Unabadilisha hiyo, presha inakwenda kwenye inayofuata. Ndiyo maana mtu hubadilisha sili ya mbele na mwezi ujao inavuja ya nyuma, akadhani kauziwa vipuri vibovu.

Pima hivi. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha kumiminia oili, ukigeuze na ukilaze juu ya tundu lake bila kukifunga. Injini ya dizeli yenye umri itakitikisa kidogo, hilo ni la kawaida. Kikirushwa, au ukiona moshi unatoka kwa mapigo kama treni ya zamani, injini inapumua, yaani presha ndani ya sampu imezidi.

Usikate tamaa bado. Toa hozi ya briza na upulize ndani yake. Ioshe, au ibadilishe kama imelainika na kujikunja kwa ndani. Injini nyingi zina kikombe chenye wavu au kiwambo cha mpira cha kutenganisha oili na gesi, nacho kisafishwe au kibadilishwe. Kagua na filta ya hewa: ikiziba, injini hunyonya kwa nguvu kupitia briza na kuvuta oili nayo.

Briza ikiwa safi na bado inapumua, wahusika ni watatu. Wa kwanza ni pampu ya vakyumu, ambayo watu humsahau. Hewa inayovuta huitema ndani ya injini. Hozi ya breki ikiwa imepasuka, pampu inakuwa kama kompresa inayojaza sampu hewa mchana kutwa. Chomoa hozi yake, zuia mdomo wa pampu kwa kifuniko, gari likiwa limesimama, kisha pima tena. Usiliendeshe hivyo, kwani breki zitakuwa ngumu kama ukuta. Wa pili ni tabo iliyochoka, ambayo hupitisha gesi ya moto kwenye bomba la kurudishia oili. Wa tatu ni ringi na silinda zenyewe.

Hao wa mwisho hupimwa kwa geji ya kupimia mgandamizo. Iwe ya dizeli. Uwiano wa mgandamizo wa injini hizi ni kati ya 18 na 23 kwa 1, na geji ya petroli haikutengenezwa kwa presha hiyo. Linganisha silinda na silinda, na ulinganishe na kipimo cha kitabu cha injini yako. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hakuna sili duniani itakayokusaidia mpaka injini ifunguliwe.

Kijiti cha kupimia oili kinaonyesha oili imepanda badala ya kushuka. Inawezekanaje?

Kitu kingine kinaingia. Kikiwa maji, oili hugeuka rangi ya maziwa. Kikiwa dizeli, oili hubaki nyeusi lakini nyepesi, inakimbia kwenye kijiti kama maji, na inanuka dizeli. Hiyo oili iliyozimuliwa hupenya kwenye sili ambazo zingeshika oili nzima, kwa hiyo uvujaji unaouona nje ni mtoto wa tatizo lililo ndani.

Kagua pampu ndogo ya kuvutia dizeli kama imefungwa ubavuni mwa bloku; kiwambo chake kikichanika humimina dizeli moja kwa moja kwenye sampu. Kagua sili ya mbele ya pampu ya dizeli kama inazungushwa na gia ndani ya kava ya taimingi. Kwenye injini ambazo vibomba vya nozeli vimepita chini ya kava ya tapeti, kagua na hivyo. Usiendeshe gari katika hali hii. Beringi hazilainishwi na dizeli, na oili ikizidi sana injini inaweza kuivuta na kuiunguza, jambo linalotupeleka kwenye swali linalofuata.

Nimekuta oili ndani ya hozi ya hewa ya tabo. Tabo imekufa?

Utando mwembamba ni wa kawaida, tena mara nyingi umetoka kwenye briza, si kwenye tabo. Ukimimina hozi ikatoka oili ya kujaza kijiko, endelea kuchunguza. Injini ikiwa baridi na imezimwa, shika shafti ya tabo uitikise. Kucheza kidogo sana kwa pembeni kunaruhusiwa. Kucheza kwa mbele na nyuma unakokuhisi kwa vidole, au pangaboi linalogusa ukuta, hakuruhusiwi. Kabla ya kuihukumu, kagua bomba la kurudishia oili. Tabo haina njia ya kusukuma oili irudi. Inategemea kushuka kwa uzito wake. Bomba likiziba au sampu ikiwa na presha ile ya swali la sili zilizobadilishwa mara mbili, oili inarudi juu na kupita kwenye sili za tabo nzima kabisa.

Tabo iliyokufa kweli ina hatari ambayo kila mwenye dizeli anapaswa kuijua. Ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini huiunguza kama dizeli na kupaa yenyewe, ikilia kwa nguvu na kutoa wingu la moshi. Ufunguo hauizimi, kwa sababu haili tena dizeli ya pampu. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, vuta handibreki, ingiza gia ya juu kabisa na uachie klachi ili izimike. Njia nyingine ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa hewa kwa ubao mgumu au kupuliza kizima moto cha kaboni dioksidi. Mkono au kitambaa hapana, vitanyonywa. Ikiwa huwezi kufanya lolote kwa usalama, ondoka karibu nayo.

Taa nyekundu ya oili haijawaka. Si maana yake niko salama?

Ile taa yenye umbo la birika hupima presha, haipimi kiasi. Kwa magari mengi huwaka presha ikishuka chini ya takribani bar 0.3 hadi 0.5, na wakati huo pampu imeshaanza kunyonya hewa. Unaweza kupoteza zaidi ya lita moja kimyakimya. Kijiti ndicho cha kuaminiwa: gari mahali palipo sawa, injini imezimwa dakika tano hadi kumi, futa, chovya, soma.

Uvujaji wa kiasi gani ni mwingi?

Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Matone kumi kila usiku ni nusu mililita, kama mililita 15 kwa mwezi. Doa litakuwa baya kutazama, lakini injini haitajua. Tone moja kila sekunde kumi ni habari nyingine: kama mililita 430 kwa saa 24, na kwa magari mengi madogo nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni takribani lita moja. Andika kipimo cha kijiti na kilometa kila wiki kwa mwezi mmoja. Hesabu hiyo itakuambia zaidi ya doa.

Je, nitie oili nzito zaidi au dawa ya kuzuia uvujaji?

Kupanda daraja moja, kwa mfano kutoka 15W-40 kwenda 20W-50, kunaweza kupunguza kwa injini iliyochoka, mradi kitabu cha injini kinaruhusu kwa hali ya joto unakoendesha. Dawa za kuzuia uvujaji hulainisha na kuvimbisha mipira iliyokakamaa. Zinaweza kukununulia muda kwenye sili iliyokauka. Kwa gasketi iliyopasuka, washa iliyochakaa au briza iliyoziba hazifanyi kitu.

Na silikoni?

Kwa kiasi, mahali ambapo mtengenezaji ameielekeza. Ikizidi, ile inayojibana nje unaiona. Inayojibana ndani huanguka kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Nimefungua sampu zenye mikia ya silikoni imeshika chujio kama magugu. Kava ya tapeti yenye gasketi ya mpira haihitaji silikoni, isipokuwa tone dogo kwenye pembe ambapo vipande viwili vya chuma vinakutana. Na usiikaze kwa hasira: bati hujipinda, kisha gasketi mpya nayo huvuja.

Ninaweza kuendelea kuendesha huku nikitafuta fedha za matengenezo?

Kwa matone machache, ndiyo, ukipima kijiti kila siku. Kwa hali hizi, hapana: oili inapodondokea ekzosi au tabo, ambazo injini ikibeba mzigo hufikia joto la kuwasha oili, oili inapolowesha mkanda wa taimingi, kwa sababu mpira wake huoza na ukikatika kwenye dizeli vali hugonga pistoni, pedali ya breki inapokuwa ngumu, na oili inapotoka kwa mkondo badala ya matone. Kama kinachovuja ni dizeli karibu na ekzosi, usisubiri hata kidogo, kwani mvuke wake hushika moto kwa joto dogo zaidi kuliko oili.

Nimeshatengeneza. Nitahakikishaje?

Osha tena, kwa sababu oili ya zamani iliyojificha kwenye mikunjo itaendelea kushuka siku kadhaa na kukutia wasiwasi wa bure. Weka boksi jipya chini. Baada ya kilometa 50 kagua ulipogusa, baada ya 500 kagua tena, na ukaze boliti zile tu ambazo kitabu kinasema zikazwe upya. Boksi la zamani usilitupe mpaka umelilinganisha na jipya.